Sampuli Namba 7 na Jini Lililopotea

Mama yangu anauza maandazi Mbagala. Naanza na hilo kwa sababu profesa wangu aliniambia baadaye kwamba ningelisema tangu siku ya kwanza, tungeokoa wiki sita na trei mbili za mayai.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, namchunguza fangasi aitwaye Candida albicans, yule anayetandaza utando mweupe mdomoni mwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Fangasi huyu ana vimeng'enya viitwavyo fosfolipesi, ambavyo kazi yake ni kukatakata mafuta yaliyojenga ngozi nyembamba inayozizunguka seli zetu kama ukuta. Mfikirie mwizi mwenye tindo. Mwaka 1998 watafiti walimtolea jeni moja inayoitwa PLB1, yenye maagizo ya kutengeneza tindo hilo, wakamwingiza ndani ya panya, makali yake yakapungua. Tindo limechukuliwa, mwizi kabaki kugonga ukuta kwa ngumi. Mimi nilikuwa na sampuli 20 kutoka vinywani mwa wagonjwa, natakiwa kujua yupi ana tindo kubwa na yupi ana dogo.

Kipimo chake kinatumia yai. Yai la kuku, la dukani. Kiini kimejaa mafuta ya aina ileile ambayo fosfolipesi inayapenda, kwa hiyo unakichanganya na agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), chumvi na kalsiamu, unamimina kwenye visahani, unapanda fangasi wako, unamwacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku nne. Mwenye tindo anajizungushia duara jeupe. Unachukua rula, unapima upana wa koloni, yaani kile kichungu cha fangasi kilichoota, unaugawanya kwa upana wa koloni na duara lake kwa pamoja. Koloni milimita 5, pamoja na duara milimita 10, jibu ni 0.5, huyo jambazi. Ukipata 1 maana yake duara hakuna, huyo hana kitu.

Agari ikitoka kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke la kuulia vijidudu, inakuwa imepikwa kwa nyuzi 121, na unatakiwa uisubiri ishuke hadi kama 50 ndipo utie kiini. Siku ya kwanza sikusubiri. Nilitia viini sita, nikatikisa chupa, nikaona mabonge ya njano yanaelea. Mzee anayesimamia maabara akachungulia juu ya miwani.

"Zege hilo, kijana. Bado chipsi tu."

Jina la Zege lilinikaa mpaka nahitimu.

Trei ya pili nilikuwa nimeshapata adabu. Visahani vikatoka laini, rangi ya custard, fangasi wakapandwa, siku ya nne nikafungua. Kumi na tisa wote wana maduara. Namba 7, hakuna. Koloni nono, jeupe, linang'aa, limekaa katikati ya kisahani halina habari na yai. Nikapima mara tatu: 1. Nikachukua praima za PLB1, vipande vidogo vya DNA vinavyoitafuta jeni hiyo, nikaendesha PCR ili kuizidisha, nikapitisha kwenye jeli ambako jeni ikiwepo huonekana kama mstari. Wote wana mstari wao, namba 7 peusi pee.

Hapo ndipo akili ilipohama. Nilijiambia nimempata fangasi aliyeipoteza PLB1 mwenyewe, bila kushikwa na mtu, ndani ya kinywa cha mgonjwa wa Dar es Salaam. Wenzetu walihangaika maabara kuitoa, mimi nimemwokota aliyeipoteza! Nilirudi nyumbani kwa daladala nimesimama, natabasamu peke yangu, konda akadhani nimekunywa.

"Mama, nimegundua kitu. Kuna mmoja jeni yake imepotea."

Mama alikuwa anasukuma unga. Akaacha.

"Jini?"

"Jeni, mama. Jeni."

"Limeondoka lenyewe au mmelisomea?"

Nikaeleza. Akasikiliza vizuri kabisa, kisha akasema jini likishaondoka halifuatwi, na kwamba nimpishe karibu na jiko.

Ijumaa nikapiga pasi shati, nikawasilisha mbele ya idara. Slaidi ya mwisho niliandika "Mutanti wa asili", yaani aliyebadilika jeni mwenyewe, kwa herufi kubwa kuliko jina langu. Profesa alikuwa anakoroga chai yake taratibu.

"Ulimweka kwenye seramu?"

Sikuwa nimemweka. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote cha kumtambua: Candida albicans ukimtia kwenye seramu (majimaji ya damu) ya binadamu kwa nyuzi 37, ndani ya saa mbili au tatu anachipua kamkia. Kinafanywa kwanza, kabla ya mambo makubwa. Nikarudi nikafanya. Saa tatu zikapita, namba 7 seli zake mviringo tupu, mkia hakuna.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilirudi ofisini kwa profesa mbio kumwambia mutanti amepoteza na mkia.

Akaniangalia kwa muda. Akasema tumia praima za ITS, kipande cha DNA ambacho fangasi karibu wote wanacho, tuone urefu wake. Candida albicans hutoa kipande cha kama herufi 535 za DNA. Namba 7 akatoa kipande kinachopita 800. Bado sikushtuka! Nikasema, Profesa, huyu anapunguza huku anaongeza kule. Akavua miwani, akafuta, akasema tupeleke kipande hicho kikasomwe herufi kwa herufi, na mpaka majibu yarudi nisimwambie mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeshaambia ukoo mzima, pamoja na shangazi wa Tanga ambaye alishaanza kuwaambia watu nimetibu ukimwi.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Profesa aliyasoma kimya, halafu akageuza kompyuta upande wangu. Saccharomyces cerevisiae.

"Unamjua huyu?"

"Namjua, Profesa."

"Kwa Kiswahili anaitwaje?"

"... Hamira."

"Hongera. Umegundua kiumbe ambaye jenomu yake yote, yaani jeni zake zote kwa pamoja, ilichapishwa mwaka 1996. Na PLB1 anayo, ana na PLB2 na PLB3. Wewe ulikuwa unajaribu kumfungulia kwa ufunguo wa jirani."

Sampuli halisi namba 7 ilikuwa imekufa kwenye friza zamani, nafasi yake imechukuliwa na mgeni. Swali likawa mgeni kaingiaje. Profesa akasema simama. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, macho yakaishia kwenye koti langu jeupe la maabara. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa kulia, akatoa pakiti ya hamira, imefunguliwa, imekunjwa kwenye pembe kwa ustadi, na ndani imebaki robo.

Koti la maabara haliendi nyumbani. Hilo tuliambiwa siku ya kwanza na limebandikwa mlangoni. Mimi nilikuwa nalipeleka kila Ijumaa kufua, nalianika Jumamosi, Jumatatu nalikuta limekunjwa. Nilichokuwa sijui ni mambo ya Jumapili. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama, naye hakuona la kuficha.

"Linanikaa vizuri. Na tangu nilivae wateja wanasema maandazi yangu yana usafi wa hospitali. Kuna mama mmoja ananiita dokta."

Nikamweleza habari ya fangasi wa wagonjwa na hatari ya koti lile jikoni. Aliogopa kweli, akachemsha kila kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba, pamoja na pazia. Profesa naye alinikemea kama mtoto, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama yale maandazi niliyokuwa nawaletea chai ya saa nne yalipikwa siku hizo za koti. Nikasema ndiyo. Akakaa kimya, akaweka pembeni lile alilokuwa ameshika, baada ya dakika kumi nikaona kisahani kitupu.

Tasnifu ilitoka na sampuli 19. Koti jipya linalala maabara, limefungiwa kabatini, na mzee wa maabara ndiye mwenye ufunguo. Jumapili iliyopita mama alinipigia simu.

"Mwanangu, hao watu wako hawawezi kukupa hata lililochakaa? Wateja wananiulizia dokta kaenda wapi."