Meya akija, mtaro unapakwa chokaa

Wiki ya meya mtaani kwetu unaijua kwa harufu ya chokaa. Kingo za mtaro zinapakwa, mashina ya miti yanapakwa, hata jiwe analokalia muuza maandazi halikupona. Ndani ya mtaro mchanga umejaa hadi juu, chupa za plastiki zimelala humo tangu masika, lakini kwa nje mweupe pe!

Jumatatu kupanda miti, Jumatano bonanza la mpira, Jumamosi usafi. Sina ugomvi na usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumeshaizoea. Ugomvi wangu ni yale maturubai. Yanafungwa katikati ya njia toka alfajiri, bodaboda wanapita uani kwa watu, spika zinanguruma, na mgeni rasmi anafika saa sita. Anakabidhiwa ufagio mpya, nailoni yake bado ipo, anafagia kidogo mbele ya kamera, kisha hotuba.

Na hotuba yenyewe ni ahadi ya lami! Mheshimiwa, umechaguliwa na madiwani wenzako, fungu analishika mkurugenzi, na barabara hizi tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tunajua. Ungetuambia tu kikao kijacho cha baraza utambana nani kuhusu huu mtaro, tungekupigia makofi ya kweli.

Jioni turubai likafunguliwa. Ile miche haijapata hata kopo la maji, na mbuzi wa jirani keshaanza na ule wa mgeni rasmi.