Kucha kama dirisha la skleroderma: tuiamini kiasi gani?

Tone la mafuta kwenye ngozi ya shina la kucha, kidole cha pete, kisha lenzi juu yake. Kinachojitokeza kwenye skrini ni safu ya vitanzi vyekundu, vimepangana kama vibanio vya nywele kwenye kadi ya dukani. Kila kitanzi kina mguu mmoja mwembamba unaopandisha damu na mwingine mnene kidogo unaoiteremsha. Hizo ni kapilari, mishipa midogo kuliko yote mwilini. Kwingine kwenye ngozi zimesimama wima, ukizitazama unaona nukta tu. Hapa kwenye shina la kucha zimelala sambamba na ngozi, na ndiyo maana tunaweza kuziona kwa urefu wake bila sindano, bila mionzi na bila kukata chochote.

Kipimo chenyewe, kapilaroskopia, si kigeni. Brown na O'Leary, madaktari wa Marekani, waliandika mwaka 1925 kuhusu kapilari za wagonjwa wa skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi na viungo vya ndani. Karne moja imepita na bado madaktari hawakubaliani picha hiyo ipewe uzito gani. Wapo wanaotaka kila mwenye dalili za mwanzo atazamwe kucha. Wapo wanaoona ni picha ya kupendeza ambayo haibadilishi dawa ya mgonjwa. Kila upande una hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazina uzito sawa.

Skleroderma ninayoizungumzia ni ile ya mfumo mzima, si ile ya mabaka ya ngozi. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, kuta za mishipa midogo zinaumia, kisha tishu zinajaa makovu. Ngozi ya vidole inakaza, umio unapoteza nguvu ya kusukuma chakula, mapafu yanakakamaa, na kwa baadhi ya wagonjwa shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu linapanda au figo zinashambuliwa ghafla. Mpangilio wa mambo ndiyo siri yote hapa: mara nyingi mishipa huumia kwanza, ngozi hufuata. Anayesubiri ngozi ikaze ndipo ataje ugonjwa amechelewa.

Dalili ya kwanza karibu kila mara ni hali ya Raynaud, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Baridi au mshtuko kidogo, na vidole vinapauka, vinakuwa na rangi ya samawati, halafu damu inarudi kwa kishindo vikiuma. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wa skleroderma wana hali hii. Ukiligeuza swali, jibu linageuka pia: wengi wenye Raynaud hawana ugonjwa wowote mwingine na hawataupata. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu linanyesha, na daktari hawezi kumtisha kila mwenye vidole vya baridi.

Hapo ndipo kucha inapoanza kuzungumza. Mtu mzima mwenye afya huwa na kapilari saba au zaidi katika kila milimita moja ya safu ile, nyembamba na zenye kufanana. Kwa mgonjwa wa skleroderma vitanzi vinapanuka. Kitanzi ambacho upana wake unapita mikromita 50 huitwa kapilari kubwa mno, na pembeni yake mara nyingi huwa na madoa ya damu iliyovuja. Baadaye vitanzi vinakufa, safu inabaki na mapengo, na mwili unajaribu kuotesha mishipa mipya inayochipuka ovyo kama kichaka kilichokatwa. Mwaka 2000 Maurizio Cutolo na wenzake wa Genoa, Italia, waliigawa safari hiyo katika hatua tatu: ya mapema, hai na iliyokomaa. Mgawanyo huo ungali unatumika.

Hoja nzito kuliko zote ya wanaokitetea kipimo hiki ilitoka Montreal, Kanada, mwaka 2008. Koenig na wenzake walifuatilia watu 586 wenye Raynaud ambao wakati wa kuanza hawakuwa na ugonjwa wa tishu unganishi unaojulikana, yaani lile kundi la magonjwa ambamo skleroderma imo. Ufuatiliaji ulichukua hadi miaka 20. Kwa jumla asilimia 12.6 walipata skleroderma. Waliokuwa na kapilari zenye kasoro pamoja na kingamwili za skleroderma kwenye damu (protini za kinga zinazoulenga mwili wenyewe), karibu asilimia 80 walifika huko. Waliokosa vyote viwili, ni asilimia 1.8 tu.

Watu wengi hunukuu ile 80. Mimi naona ile 1.8 ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa watu wengi zaidi. Mwenye Raynaud akiambiwa kwamba kapilari zake ni safi na damu haina kingamwili hizo, anaweza kurudi nyumbani na glavu zake akaendelea na maisha. Vipimo hivyo viwili tu vinaweza kumtoa mtu kwenye hofu kiasi hicho.

Mwaka 2013 vyama vya wataalamu wa rumatolojia (magonjwa ya viungo na tishu unganishi) vya Marekani na Ulaya vilitoa vigezo vipya vya kuainisha skleroderma, na kwa mara ya kwanza kapilari zikapewa nafasi, kwani vigezo vya 1980 havikuzitaja kabisa. Mfumo ni wa alama, na anayefikisha 9 anahesabiwa kuwa na ugonjwa. Sasa tupige hesabu pamoja. Raynaud ni alama 3. Kingamwili za skleroderma ni 3. Kapilari zenye kasoro ni 2. Jumla ni 8.

Nane! Mtu yuleyule ambaye utafiti wa Montreal unamweka kwenye kundi la karibu asilimia 80 anasimama mlangoni mwa vigezo akikosa alama moja. Vidole vyake vikivimba kidogo, anapata alama 2 nyingine na ghafla ni mgonjwa. Wakosoaji wa kipimo wanasema hii inaonyesha kwamba kapilari bado ni shahidi mdogo. Mimi nasoma tofauti. Vigezo vile vilitungwa ili tafiti zikusanye wagonjwa wanaofanana, si ili daktari avitumie kama mizani ya kupimia aliye mbele yake. Mwenye alama 8 bado si mgonjwa kwenye karatasi ya utafiti, ila ni mtu wa kufuatiliwa kwa karibu kuliko wengine wote. Kumwambia "huna ugonjwa, nenda" kwa sababu ya alama moja ni kuisoma sheria na kumsahau mtu.

Upande wa pili nao una mambo mazito. La kwanza ni jicho. Kuhesabu vitanzi sita au saba katika milimita moja kunaonekana rahisi hadi ujaribu: kitanzi kimoja kimejikunja, kingine kiko nusu nje ya fremu, cha tatu ni kivuli tu. Watazamaji wawili wanaweza kutofautiana, na tofauti ya kitanzi kimoja inavuka mpaka wa kawaida. Mwaka 2019 Vanessa Smith na wenzake walichapisha kanuni fupi ya kupunguza ugomvi huo. Vitanzi saba au zaidi bila hata kimoja kikubwa mno, si sura ya skleroderma. Kuwepo kwa vitanzi vikubwa mno, au vitanzi vitatu au pungufu kwa milimita pamoja na maumbo yasiyo ya kawaida, ni sura ya skleroderma. Kinachobaki katikati hakihesabiwi kuwa skleroderma. Kanuni ni nzuri kwa sababu hata asiye bingwa anaweza kuifuata. Gharama yake ni kwamba ile sehemu ya katikati, ambako ndiko shaka ilipo, inaachwa bila maelezo.

La pili ni kifaa. Hadubini ya video hukuza mara 200 na inapima upana wa kitanzi. Dermatoskopu ya mkononi, lenzi ya kutazamia ngozi, hukuza mara 10 hivi. Itaonyesha kapilari kubwa mno na madoa ya damu, lakini kuhesabu nayo ni kubahatisha. Pia mgonjwa aliyetoka kwenye baridi anahitaji kukaa kama robo saa chumbani kwanza, na anayeng'ata kucha au aliyekatwa ngozi ya kucha na msusi ataonyesha majeraha yanayofanana na ugonjwa.

La tatu ni rangi ya ngozi, na hapa tusizungukezunguke. Melanini, rangi asilia ya ngozi, huficha kapilari. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana safu inaonekana hafifu, hasa kwenye vidole vya kwanza, na ndiyo maana kidole cha pete na cha mwisho hupendelewa. Kapilari chache zinazoonekana si sawa na kapilari chache zilizopo, na ripoti isiyotenganisha mambo hayo mawili inaweza kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kapilari kubwa mno na madoa ya damu ni ushahidi wa kutegemewa zaidi kuliko hesabu katika hali hiyo. Isisahaulike pia kwamba kupauka na kugeuka rangi kwa vidole ni vigumu kukuona kwenye ngozi hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa kutambuliwa mara mbili: kwa jicho la kawaida na kwa lenzi.

La nne ni kwamba kucha haitaji jina la ugonjwa. Dermatomiositi, ugonjwa wa kinga unaoshambulia misuli na ngozi, na ugonjwa mseto wa tishu unganishi huleta picha inayokaribiana sana na hii. Na wapo wagonjwa wachache wa skleroderma ambao kapilari zao zinaonekana za kawaida kabisa.

Hayo yote yanavumilika, mradi kipimo kiulizwe swali la mwanzo: huyu mwenye Raynaud afuatiliwe au aachwe? Tatizo langu ni pale kinapobebeshwa maswali mengine. Tafiti nyingi zimeona kwamba kapilari zinavyopungua ndivyo vidonda vya ncha za vidole na matatizo ya mapafu yanavyozidi kuonekana. Uhusiano huo upo, ila hauitoi picha ya CT ya mapafu, kipimo cha pumzi wala eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kwenye orodha ya vipimo. Makovu ya mapafu na shinikizo kwenye mishipa yake ndiyo yanayoua wagonjwa wengi wa skleroderma siku hizi, na mtu mwenye kucha nzuri anaweza kuwa nayo.

Kwenye kufuatilia matibabu ndiko mtego uliko mkubwa zaidi. Tuseme mgonjwa alikuwa na kapilari kubwa mno kumi mwaka jana, mwaka huu zimebaki mbili. Je, amepona? Angalia hatua ya tatu ya Cutolo: ugonjwa uliokomaa una kapilari kubwa mno chache sana, kwa sababu vile vitanzi vilivyokuwa vimevimba vimekufa. Anayehesabu vikubwa peke yake atashangilia maafa. Ripoti ya ufuatiliaji isiyotaja msongamano wa vitanzi kwa milimita, kidole kilekile na ukuzaji uleule, bora isiandikwe.

Kwa hiyo yule wa alama 8 nimfanyeje? Leo asikilizwe mapafu, apimwe pumzi, apigwe eko ya moyo na kupimwa shinikizo la damu, maana vipimo hivyo havisubiri alama ya tisa. Kisha baada ya miezi sita hadi mwaka arudi, akae ndani robo saa, na tone la mafuta liwekwe kwenye kidole kilekile cha pete. Kama vilikuwa vitanzi saba na sasa ni vitano, hapo kucha imesema jambo ambalo kwa mara ya kwanza haikuweza kulisema.