Embakasi ya zamani haikugawanywa kwa tamaa ya viti

Kuna makala inayodai eti Embakasi, eneobunge la zamani la Nairobi, iligawanywa sehemu tano ili wanasiasa wapate viti zaidi. Mwandishi wake angeuliza sisi tuliokulia Dandora kabla ya 2013. Mbunge wetu alikuwa mmoja na wa Pipeline, Kayole, Umoja, Utawala, mpaka Ruai kule mashamba yalikokuwa bado mashamba. Mtu wa Dandora akitaka kwenda Pipeline alipanda matatu hadi katikati ya jiji, kisha nyingine ya Barabara ya Jogoo au Mombasa Road, na bado yuko ndani ya eneobunge lile lile! Katiba ya 2010 iliongeza maeneobunge nchini kutoka 210 hadi 290 na ikataka mipaka ifuate idadi ya watu, ndipo Nairobi ikatoka viti 8 hadi 17. Kwa watu wengi namna ile, Embakasi ingeachwaje nzima? Kasarani nayo ilimegwa ikazaa Roysambu na Ruaraka, Lang'ata ikazaa Kibra, mbona hizo hazitajwi? Ninachokubali ni kwamba majina yalikosa ubunifu: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki, Magharibi, kama dira ya baharia. Mama yangu hadi leo husema tu "Embakasi", na ukimuuliza ipi anakutazama kama mgeni. Tena makala imesahau kwamba Ruai na Njiru hazikubaki kwenye hizo tano, zilienda Kasarani. Wenyeji wa Ruai, mabadiliko hayo mliyaonaje?