Kurithisha vigeu: vyote kwa pamoja au kimoja kimoja kwa jina?

Timu yetu ya wasanidi programu hapa Nairobi imejadiliana kwa wiki kadhaa kuhusu mstari mmoja wa Makefile, yaani faili ya maagizo ya kuunda programu: neno export likiwa peke yake, bila jina la kigeu (jina lililopewa thamani) chochote. Mstari huo huiagiza GNU Make, zana inayosoma faili hiyo na kuendesha amri zake, irithishe vigeu vyake kwa kila amri inayoiendesha, zikiwemo Make nyingine zinazoanzishwa katika saraka ndogo. Baadhi ya wenzangu wanataka ubaki; mimi nataka uondolewe, ingawa hoja yao si nyepesi.

Yote yalianzia kwenye tarehe. Tulikuwa tumeandika TZ = Africa/Nairobi (TZ ni kigeu cha ukanda wa saa) ili tarehe inayobandikwa kwenye kila toleo ifuate saa za hapa. Katika vipakatalishi vyetu tarehe ilikuwa sahihi, lakini toleo lililoundwa na seva saa saba usiku lilibeba tarehe ya siku iliyotangulia, kwa sababu seva hufuata UTC, saa rejea ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Make isipoagizwa vinginevyo hurithisha tu kigeu kilichokuwemo katika mazingira (vigeu ambavyo programu hupewa na mfumo) ilipoanza, au kilichotajwa katika amri ya kuiendesha. Vipakatalishi vilikuwa na TZ tayari. Seva haikuwa nayo, hivyo thamani tuliyoiandika haikutoka nje ya Make.

Wanaoutetea mstari wa export wanasema, na ni kweli, kwamba ungezuia kosa hili, na kwamba msanidi mgeni hapaswi kukariri kanuni iliyojificha kiasi hicho ndipo kazi yake ilingane na ya seva.

Hata hivyo, gharama yake ni kubwa. Nenosiri la hifadhidata likiwa kigeu cha Makefile, litaifikia kila zana tunayoiendesha, hata zile tulizozipakua bila kuzikagua. Kigeu kilichoandikwa kwa alama ya = na chenye $(shell), inayoendesha amri ya nje na kuchukua jibu lake, ndani yake hukokotolewa upya kila mara Make inapoandaa mazingira ya amri, na katika mradi mkubwa ucheleweshaji huo huonekana wazi. Isitoshe, tangu toleo la 4.4 la Make la mwaka 2022, vigeu vinavyorithishwa huzifikia pia amri za $(shell) zenyewe. Yaani mstari uleule sasa unafika mbali zaidi bila sisi kuugusa.

Tena haurithishi kwa uhakika ambao watetezi wake wanautarajia. Makefile ya saraka ndogo ikikipa kigeu hicho thamani yake kwa =, thamani hiyo hushinda ile iliyorithiwa; ?=, inayoweka thamani pale tu ambapo kigeu hakina, ndiyo hukubali kilichotoka kwa mzazi. Mwenzetu mmoja alipendekeza tupitishe thamani katika amri yenyewe, $(MAKE) -C huduma TZ=Africa/Nairobi, ambapo huduma ni saraka ndogo. Njia hiyo ina nguvu, lakini nadhani imezidi: hufuta uamuzi wa Makefile ndogo isipokuwa palipoandikwa override, neno linalolinda thamani ya humo, kisha kupitia MAKEFLAGS, kigeu ambacho Make hukitumia kuzipa Make ndogo maagizo yake, huteremka hadi kwa wajukuu.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni export TZ := Africa/Nairobi (:= hukokotoa thamani mara moja tu), na kila kigeu kingine kinachohitajika nje kitajwe vivyo hivyo kwa jina. Orodha yetu ingekuwa na majina matano. Nenosiri lisiwemo, skripti moja inayolihitaji ilisome yenyewe kutoka katika faili.