Kupima maji mara moja kwa mwaka hakulindi kisima

Kuna makala inayotaka visima vya Unguja vipimwe vimelea mara moja kila mwaka. Sawa, lakini sampuli moja husema habari za siku ile tu. Chukua maji kiangazi, majibu safi. Mvua kubwa za masika zikipiga, choo cha jirani kimeshahamia kisimani. Sehemu nyingi za kisiwa chini ni chokaa ya matumbawe yenye nyufa na mapango, maji hupita bila kuchujwa kama kwenye mchanga. Ile kanuni ya kisima kuwa mita 30 kutoka chooni, inayorudiwa kama aya, hapa si kinga ya kutegemea.

Kwanza ukaguzi wa hatari: karatasi, futi ya kamba, saa moja. Vyoo na makaro viko upande gani wa mkondo wa maji ya chini? Zege la mdomo wa kisima lina ufa? Nafasi kati ya bomba la kisima na udongo imezibwa kwa saruji mita za juu? Maji yanayomwagika yanatuama? Tatizo zito litengenezwe kwanza. Kutia klorini huku ufa uko wazi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Chumvi ndiyo inayosahaulika (hata makala imeiruka). Karibu na bahari, kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji nusu mita kwa muda mrefu, maji chumvi yanaweza kupanda hadi mita 20. Pimeni kina na chumvi kila mwezi, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha.