Picha ya Hekaya Kwenye Taa ya Udongo: Imani ya Mwenyewe au Kazi ya Kalibu?

Miongoni mwa taa za udongo za enzi ya Kirumi zilizohifadhiwa katika makumbusho, nyingine zina picha zilizochomoza za hekaya za Kiyunani: Leda, malkia aliyeendewa na mungu Zeu katika umbo la batamaji, au Aktaion, mwindaji aliyeadhibiwa na mungu wa kike Artemi, akijitetea huku mbwa wake mwenyewe wakimrukia. Wapo wanaozisoma picha hizo kama ushahidi wa imani ya waliozimiliki, na wapo wanaosema ni mapambo ya biashara tu.

Hoja ya hawa wa pili ni nzito, nayo imo katika udongo wenyewe. Taa hizo zilitengenezwa kwa kalibu mbili, ya juu na ya chini, na mfinyanzi aliyetaka picha ya mwenzake aliweza kununua taa yake, akaikandamizia udongo au jasi, akapata kalibu mpya. Kwa kuwa udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa, kila nakala ya nakala ilitoka ndogo zaidi na picha yake ikazidi kufifia, hadi mbwa wa Aktaion wakabaki kama vivimbe visivyo na miguu. Isitoshe, tundu la kumiminia mafuta lilitobolewa kwenye uso ule ule wenye picha, na pengine lilikata mwili wa mhusika. Sioni jinsi fundi aliyefanya hivyo angekuwa anashika kitu kitakatifu.

Hata hivyo, mnunuzi hakuwa fundi. Sokoni zilikuwapo pia taa za wapiganaji, za wanyama na za maua, na aliyechagua Leda alichagua. Zaidi ya hayo, taa ziliwekwa makaburini na kutolewa sadaka mahekaluni, kwa hiyo si haki kuziita vyombo vya nyumbani tu.

Lakini tuitazame Isthmia, karibu na Korintho, ambako Palaimon, mtoto wa hekaya aliyefia baharini, alifanyiwa ibada usiku. Taa maalumu zilizotumika humo ni bakuli sahili zisizo na picha yoyote. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko picha mia: utakatifu wa taa ulitokana na mahali ilipowashwa na tendo lililofanywa nayo. Kwa sababu hiyo taa iliyochimbuliwa kwa magendo, ikauzwa bila kumbukumbu ya kaburi au nyumba ilikotoka, haiwezi tena kuuamua ubishi huu, hata kama Aktaion wake anaonekana wazi mpaka vidole.