Mipaka ya mkoloni: wazee wa Cairo hawakuwa wajinga

Mjadala wa mipaka ya Afrika hauendi mbali kabla mtu hajasema hii mistari ni ya Berlin, tuifute tuchore ya kwetu, na anayepinga anaonekana kibaraka. Kwanza Berlin yenyewe, ule mkutano wa wazungu wa kugawana Afrika wa 1884 na 1885, haikuchora sehemu kubwa ya mipaka tuliyonayo. Mingi ilikuja baadaye, wazungu wawili wawili wanakaa wanapatana. Huu wa Kenya na Tanzania umeanzia kwenye mapatano ya Mwingereza na Mjerumani ya 1886: mstari unatoka pale mto Umba unapoingia baharini, unakwenda mpaka ziwa Jipe, unazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, halafu unanyooka hadi ziwa Victoria. (Ile hadithi ya malkia Victoria wa Uingereza kumzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima ni porojo tu, achaneni nayo.) Wamaasai waliokuwa wanachunga pande zote mbili, nani aliwauliza?

Kwa hiyo kwamba mipaka ilichorwa hovyo, hilo halina ubishi. Swali ni kwa nini Julai 1964 pale Cairo wakuu wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Nyerere akiwa ndo mleta hoja, waliamua kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Wengi wanasema walikuwa wanalinda viti vyao. Na hilo limo pia, lakini angalia walikuwa wametoka kuona nini: Oktoba 1963 Algeria na Morocco wamepigana jangwani, mwanzoni mwa 1964 Ethiopia na Somalia nao wameshikana, na makabila yaliyokatwa na mpaka yako kila kona ya bara. Ukimkubalia mmoja kwamba hawa ni ndugu zangu nawachukua, yule wa kumi utamkatalia kwa hoja gani?

Mfano ambao watu hawaupi uzito ni Kagera. Mpaka wa Tanzania na Uganda pale umefuata latitudo ya digrii 1 kusini, mstari wa rula kabisa, kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania kimebaki ng'ambo ya mto Kagera. Ukiangalia ramani tu utasema mto ndo ungefaa kuwa mpaka. Na hiyo ndo hoja aliyokuja nayo nduli Amin: Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka, tarehe 1 Novemba akatangaza eneo lote hadi mtoni ni la Uganda, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Sasa Tanzania ilikuwa na hoja gani mkononi? Sio mto, maana mto ulikuwa unambeba Amin, na sio kabila, maana lugha za pande zile mbili ni ndugu. Ilikuwa na ule mstari wa rula. Aibu ya mkoloni ndo ilikuwa hati ya kiwanja. OAU yenyewe, cha ajabu, haikumlaani Amin, ikawa inahimiza usuluhishi, na Nyerere alikasirika sana. Aprili 1979 wanajeshi wetu wakaingia Kampala, wangeweza kujikatia ardhi wakitaka, lakini mpaka ukabaki palepale.

Halafu hii imani kwamba mkiwa kabila moja au lugha moja nchi itatulia, mbona haijathibitika? Somalia ina lugha moja na dini moja kuliko karibu nchi yoyote barani, na serikali yake ikaanguka 1991. Somaliland waliojitenga mwaka huohuo wanadai mpaka gani? Ule wa Mwingereza aliyewatawala! Sudan Kusini karibu 99% walipiga kura ya kuondoka, 2011 wakapata nchi, Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe.

Upande wa pili una kesi, na nzito yake ni kaskazini mashariki mwa Kenya. Tume iliyotumwa na Mwingereza 1962 iliwasikia Wasomali wa kule, wengi walitaka kwenda Somalia, wakapuuzwa, ikaja vita ya Shifta, waasi wa Kisomali dhidi ya serikali ya Kenya, na sheria za hali ya hatari zikawakalia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu wa kule ukimwambia Cairo ilileta amani atakuuliza amani ya nani. Nyerere mwenyewe Aprili 1968 aliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, yaani hata mleta hoja aliona kuna mahali mstari hautoshi.

Mimi bado nasema mistari iachwe ilipo, kinachotutesa zaidi ni ugumu wa kuivuka. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na hakuna aliyehamisha hata jiwe moja la mpaka. Sisi Tanzania hatukuingia kwenye mpango ule, na sababu zilizotolewa, za usalama na vitambulisho vyetu kutokamilika, kwangu hazijawahi kutosha.